Maji ya Kijani Makoko

Kila asubuhi Esta alichota maji ziwani, pale Makoko, karibu na mawe makubwa wanapoanika dagaa. Mumewe, Clementi, alikuwa mvuvi. Walikuwa na binti mmoja, Eufrasia. Kwa kuwa alipenda kuuliza maswali, baba yake alimwita Hakimu.

Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu Musoma, na mafuta ya taa pia. Hata hivyo Esta hakuacha kuchemsha maji ya kunywa kwa kuni. Ndivyo alivyofundishwa kliniki.

Kisha upepo ukatulia. Jua likawa kali. Maji ya ufukweni yakawa ya kijani, mazito kama mlenda. Esta alisukuma ule utando kwa ndoo, akachota, akachemsha.

Mbuzi wao mmoja alikunywa maji yaleyale, akafa. Kesho yake Eufrasia akaanza kutapika.

"Nilichemsha!" Esta alilia. "Baba Eufrasia, nilichemsha mpaka yakatokota!"

"Najua, mke wangu. Huwaga huachi. Nipe mtoto."

Clementi alimbeba begani mpaka hospitali. Wakamlaza. Siku chache baadaye mtoto alirudi nyumbani, amekonda, lakini bado anauliza maswali.

Jirani yao, mwalimu Dafroza, alikuja kuwapa pole. Alifundisha sayansi sekondari. Esta alimweleza yote huku ameinamisha uso.

"Mama Eufrasia, usijilaumu," Dafroza alisema. "Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuharisha. Lakini ule ukijani ni viumbe vingine, vidogo sana, na vingine vina sumu. Moto hauondoi sumu ile."

Alichukua chupa nyeupe ya kioo, akachota maji ya kijani, akaiweka juani. Baada ya muda vipovu vidogo vikaanza kupanda.

"Vinapumua?" Eufrasia aliuliza.

"Vinatengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Vikitengeneza, vinatoa hewa inayoitwa oksijeni. Ndiyo inayotuweka hai. Zamani sana, dunia ilikuwa ya moto. Miamba iliyeyuka kama uji. Ilipopoa, mvua zikanyesha, bahari zikajaa. Lakini hewa ya wakati ule, ungeivuta ungekufa. Uhai ukaanzia majini, vijidudu tu. Baadaye wakatokea mababu wa hivi vya kijani. Wakatoa oksijeni miaka mamilioni kwa mamilioni, mpaka hewa ikabadilika. Mawe yale mnayoanikia dagaa yana umri mkubwa kuliko hewa hii tunayovuta."

Clementi aliyatazama mawe. "Mungu ana mafundi wadogo kweli! Lakini kama walitupa pumzi, mbona wameniulia mbuzi?"

"Chumvi inakoleza mboga, shemeji. Ukimwaga kibaba kizima, utakula? Uchafu na udongo wenye mbolea vikiingia ziwani, halafu jua likawa kali na maji yakatulia, viumbe hivi vinazaliana kupita kiasi."

"Sasa tunywe nini?" Esta aliuliza.

"Chimbeni kisima kwenye mchanga, juu ya ufukwe, mbali na choo na zizi. Mchanga utachuja. Kwanza mwiteni bwana afya achague mahali. Na maji hayo bado mtayachemsha."

Bwana afya alikuja, akaonyesha mahali. Clementi akachimba mpaka mgongo ukamuuma.

"Nyavu nzito unavuta, mchanga unakushinda?" Esta alimtania, kisha akaingia shimoni kumsaidia.

Maji yakatoka, meupe. Wakajengea mawe kuzunguka mdomo, wakaweka kifuniko cha mbao. Mbuzi waliobaki wakanyweshwa hapohapo, kwenye beseni pembeni.

Mwaka uliofuata upepo ulitulia tena, na ziwa likawa la kijani. Majirani walikuja kuchota kwa Clementi, naye akawaonyesha jinsi ya kuchimba visima vyao. Eufrasia aliwaeleza watoto wenzake habari za dunia ya moto, akiongeza moshi kidogo kila siku.

Nyumbani kwao hakuugua mtu. Mchana mmoja Esta alipika sangara, wakala wote watatu. Eufrasia akainua kikombe cha maji, akanywa mpaka mwisho, na mama yake akamtazama bila hofu.

"Nikuongeze?" akamwuliza.