Fundi Futi Ampima Kolekole

Mtaani walimwita Fundi Futi. Futi yake ya kupimia nguo ilimning'inia shingoni toka asubuhi mpaka anapofunga duka. Alikula nayo. Siku moja alioga nayo, na mkewe ni shahidi.

Siku tano za wiki Fundi Futi alishona suruali, magauni na sare za shule. Jumamosi ilikuwa yake na bahari. Asubuhi alichukua fimbo yake ya kuvulia, akaenda gatini, akatupa mshipi, akakaa. Jioni alirudi na uso ulioiva kwa jua na kikapu kitupu.

"Leo wamekataa," alimwambia mkewe.

"Wamekataa nini? Kwani ulikwenda kuposa?"

"Wamekataa chambo, mke wangu."

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha mama mkwe akaja kukaa nao. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Mkwe, kumbe kila Jumamosi unakwenda kuvua?"

"Kila Jumamosi, mama."

"Na samaki wako wapi?"

"Wako baharini, mama."

"Hilo hata mimi nalijua, na sijawahi kuvua!"

Mkewe aliangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Aliitazama ile fimbo iliyoegemezwa ukutani, kisha akatoa hukumu.

"Jumamosi hii tunakwenda wote. Nikimwona samaki akiingia kikapuni, nitanyamaza. Nisipomwona, fimbo hii tutatundikia pazia la sebuleni. Na Jumamosi utakaa dukani kama wanaume wengine."

Mkewe akapima dirisha kwa macho. "Urefu wake unatosha kabisa," akasema.

Fundi Futi akaichukua fimbo, akaisogeza mbali na dirisha. Wiki nzima aliinamia cherehani huku wateja wakimwambia apunguze hapa, aongeze pale. Bahari haikuwa na kiuno wala mikono. Wakimnyang'anya Jumamosi yake, atapumulia wapi?

Siku ilipofika, watu watatu walitembea kwenda gatini. Fundi Futi alibeba fimbo. Mkewe alibeba mwavuli. Mama mkwe alibeba kikapu, kisu na pakiti ya chumvi.

"Mama, chumvi ya nini?" mkewe aliuliza. "Bahari nzima ile hapo."

"Wewe tembea. Ya samaki. Mumeo asije akapata kisingizio."

Kwenye lango la gati palikuwa na kibao. Fundi Futi alikijua kwa moyo: *Kolekole aliye chini ya sentimita sabini arudishwe majini akiwa hai.* Kila mara alikipita huku akijisemea kwamba shida hiyo angependa sana kuipata.

Walikaa saa nzima. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuuliza mara tatu kama samaki wanajua kwamba wao wamefika. Ghafla fimbo ikapinda.

"Amekula!" Fundi Futi alipiga kelele.

"Vuta!" mama mkwe akaruka juu. "Vuta, mkwe! Usimwonee haya!"

"Mama, mshipi utakatika!"

"Basi usivute! Vuta kidogo! Lete hiyo fimbo mimi nivute!"

Jasho lilimtoka, lakini mwishowe samaki alipanda. Alikuwa kolekole mpana, anang'aa kama sinia jipya. Fundi Futi akamlaza juu ya saruji. Samaki akaruka, akajipigapiga. Fundi akavua futi shingoni.

Sasa, mtu hupima kama alivyozoea. Fundi Futi alianzia mdomoni, akaizungusha futi juu ya tumbo, akaishusha hadi ncha ya mwisho ya mkia. Alimpima kama anavyompima bwana mnene anayetaka koti.

"Sabini na mbili!" akatangaza. "Na hapo sijaweka pindo!"

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufungua kikapu.

"Mzee, hongera," sauti ilisema nyuma yao. "Lakini huyo unamvua au unamshonea?"

Alikuwa mkaguzi wa uvuvi. Binti mwenye mabuti ya mpira, beseni la maji ya bahari mkono mmoja, ubao mrefu wenye namba mkono wa pili. Hakungoja jibu. Alilowesha ubao, akalowesha mikono, akamlaza samaki juu yake.

"Samaki hapimwi kwa kufuata tumbo," alisema. "Analala, amenyooka. Pua inagusa hapa mwanzo. Tunasoma pale mkia unapogawanyika, penye panda. Haya, soma mwenyewe."

Fundi Futi akasoma. Akasoma tena. "Sitini na nne."

Mkaguzi akamtia samaki ndani ya beseni haraka.

"Haiwezekani! Mimi napima watu mwaka wa ishirini huu!"

"Watu wanataka nguo iwatoshe tumboni, mzee. Huyu hataki nguo."

Mama mkwe akasogea karibu, akalainisha sauti. "Mwanangu, sentimita sita ni nini? Ni vidole vitatu. Tutamla upesi upesi, hata hatutaonja."

"Mama, huyu bado mtoto. Hajataga hata mara moja. Mwacheni akue, atataga mayai maelfu kwa maelfu. Mkimla leo, mmewala na wote ambao hawajazaliwa."

"Hao hawakuingia kikapuni kwangu."

"Ndiyo sababu mkwe wako anarudi mtupu kila wiki. Namwona. Watu walivua watoto hapa miaka mingi, wakubwa wakakosa pa kutoka. Sheria hii bado mpya. Tukiifuata, watarudi."

Mkewe akamgeukia mumewe. "Kumbe hawakukataa. Hawapo!"

Fundi Futi alimtazama kolekole, matamvua yake ya kupumulia yakifunguka na kujifunga. Akamtazama mama mkwe na kile kikapu kilichokuwa wazi. Miezi minane amemngoja samaki huyu mmoja. Akafikiria sebule, akafikiria pazia. Kisha akashusha pumzi.

"Namrudisha," akasema. Akamkamata samaki mkiani, akauinua mkono kumtupa kama jiwe.

"Weee! Acha!" mkaguzi alimdaka mkono. "Ukimrusha hivyo umemuua, ila maiti utakuwa hujaiona! Mrudishe kwenye beseni. Na mikono yako mikavu. Ukimshika hivyo unamtoa ule ute, na ute ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Saruji nayo inamchubua. Lowesha mikono kwanza."

Fundi akalowesha. Mkaguzi akampa koleo ndogo, akamwonyesha namna ya kuirudisha ndoana nyuma kwa njia iliyoingilia, samaki akiwa majini.

"Na kama ameimeza?" mkewe aliuliza.

"Usiichokonoe. Kata mshipi karibu na mdomo, umwache aende. Na wiki ijayo, mzee, kibane kwa koleo kile kijino kilicho karibu na ncha ya ndoana, kiwe bapa. Itatoka bila vita. Sasa mbebe. Mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia. Matamvua usiyaguse."

"Nitajuaje kama nimekawia?"

"Ukimtoa majini, zuia pumzi yako. Ukihisi unataka kupumua, na yeye hivyo hivyo."

Fundi Futi akafunga mdomo, akashuka ngazi za gati. Mkewe naye akazuia pumzi. Mama mkwe akavimbisha mashavu. Tangu afike nyumba ile, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza.

Fundi akapiga magoti kwenye ngazi ya mwisho, suruali ikalowa hadi kiunoni. Akamtia samaki majini, kichwa kikielekea kule maji yanakotokea. Samaki akalala mikononi mwake, kimya.

"Amekufa," mkewe alinong'ona.

"Anapumzika," mkaguzi alisema. "Usimsukume, mzee. Ataondoka mwenyewe."

Wakangoja. Mkia ukatikisika kidogo. Ukatikisika tena. Halafu, paa! Maji yakamjaa fundi usoni, na mikono ikabaki mitupu.

Alipopanda juu, alikuwa analia au amelowa, hakuna aliyejua. Mama mkwe alimkabili.

"Mkwe, nilisema nimwone akiingia kikapuni."

"Ndiyo, mama."

"Hakuingia."

"Hakuingia, mama."

"Lakini nimemwona. Na nimekuona wewe." Akafunga kikapu. "Pazia tutatafutia kamba. Jumamosi ijayo twende mapema. Wewe unachelewa sana kuamka."

Basi wakawa wanakwenda wote. Fundi Futi akatengeneza ubao wa kupimia, akakibana kijino cha kila ndoana. Wavuvi wengine walimcheka, kisha wakaazima ubao, kisha wakatengeneza za kwao. Mwaka wa pili kolekole walianza kuonekana tena pembeni mwa gati, makundi kwa makundi.

Jumamosi moja fundi alivua kolekole wa sentimita sabini na tano, aliyepimwa juu ya ubao mbele ya mkaguzi. Sheria iliruhusu mmoja kwa siku. Wakampeleka nyumbani, wakampika, wakamwalika mkaguzi.

Mama mkwe alikula kimya hadi mifupa ikabaki. Akapangusa vidole.

"Mtamu," akasema. "Lakini huyu bila shaka alikuwa mama wa watu. Mimi nimekwisha kuonja. Wa Jumamosi ijayo atarudi kwa wanawe, hata akiwa mrefu kama mlango."