Nafasi ya Leticia

Kila alasiri, wakishamaliza kufagia darasa, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Lizaboni walikusanyika nyuma ya jiko la shule kufanya mazoezi ya igizo la nyimbo. Igizo lilimhusu mama ambaye mwanawe anakwenda kulima tumbaku na harudi tena. Leticia ndiye aliyekuwa mama. Rafiki yake Benigna alikuwa mwitikiaji tu, lakini alijua kila neno la mama, kwa kuwa waliimba pamoja kila walipokwenda kuchota maji.

Juma la mwisho la mazoezi, Leticia alianza kutetemeka.

"Wewe una homa," Benigna alimwambia njiani. "Mwambie mama yako."

"Nikimwambia atanipeleka hospitali, halafu Mwalimu atampa mtu mwingine nafasi yangu. Nyamaza bwana! Baba anatoka Namtumbo kuja kuniona."

Benigna alimwonea huruma. Nyumbani kwao kulikuwa na dawa ya mseto. Mdogo wake alipougua malaria alipata nafuu kabla ya kuimaliza, na mama yao akaihifadhi kwenye kikombe juu ya kabati, kama wafanyavyo majirani wengi, isaidie siku nyingine. Benigna akavichukua vidonge vilivyobaki, akampelekea rafiki yake. Leticia akameza. Kesho yake homa ilitulia, wakacheka, wakaona mambo yamekwisha.

Asubuhi ya siku ya igizo Leticia hakuonekana. Mwalimu Aurelia, aliyewafundisha igizo lile, aliingia darasani ameshika simu.

"Leticia amezimia alfajiri. Yuko hospitali," alisema taratibu. "Na wazazi wanakuja mchana huu. Benigna, wewe unazijua nyimbo zake. Njoo ujaribu kanga za mama."

Benigna alikuwa amezitamani sana kanga zile. Sasa hakuweza kuinuka.

"Anaendeleaje, Mwalimu?"

"Hali si nzuri. Daktari anauliza kama alimeza dawa yoyote. Mama yake anasema hakumeza kitu."

Benigna aliinamisha kichwa. Akinyamaza, daktari atakosa jibu. Akisema, wenzake watamwona mbaya. Akasimama.

"Alimeza, Mwalimu. Nilimpa mimi. Mseto wa mdogo wangu, ule uliobaki."

"He! Kumbe!" Otto, mpiga ngoma, alidakia kutoka nyuma. "Umemnywesha mwenzio madawa ili uwe mama wewe!"

Darasa zima likaguna.

"Otto, kaa chini," alisema Mwalimu. Hakumgombeza Benigna. Alipiga simu, akampa. "Mweleze mama yake mwenyewe, kama ulivyonieleza mimi."

"Shikamoo mama," Benigna alianza, kisha akaeleza yote huku sauti ikikatika. Mama yake Leticia akasema, "Ngoja nimpe daktari."

Alipomaliza, Benigna alirudisha simu. "Mwalimu, mimi siimbi. Watu watasema kama alivyosema Otto."

"Watasema," Mwalimu alikubali. "Lakini wenzako wamejiandaa muda mrefu, na hawawezi kuitikia pasipo mwanzishaji. Waimbie wao."

Mchana ule Benigna aliimba. Alipofika mahali ambapo mama anamwita mwanawe, sauti ilimkwama. Otto alimtazama, akapunguza ngoma, akamsubiri mpaka akaendelea. Wazazi walidhani ni uigizaji, wakapiga makofi sana. Benigna alivua kanga, akaondoka bila kunywa hata soda.

Jioni Mwalimu alimpeleka hospitali. Leticia alikuwa macho, ametundikiwa dripu, midomo imepasuka kwa homa. Baba yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, viatu bado vina vumbi la safari.

"Umeimba?" Leticia aliuliza.

"Nimeimba."

"Walipiga makofi?"

"Walipiga." Leticia akageukia ukutani, akalia bila sauti.

Mama yake alimtoa Benigna nje barazani.

"Daktari anasema atapona, ila atakaa hapa kwa muda," alisema. "Dawa ile ilikuwa pungufu. Ilituliza homa, ugonjwa ukabaki ndani, nasi hatukujua tukachelewa. Najua ulitaka kumsaidia, na leo umesaidia kweli uliposema. Lakini dawa iliyobaki hapewi mtu mwingine, mwanangu. Mwenye homa hupelekwa akapimwe. Siku nyingine rafiki akikwambia unyamaze, naye anatetemeka, njoo kwangu. Akikuchukia, mwache akuchukie akiwa mzima."

"Sawa, mama. Naweza kurudi kwake?"

"Rudi. Usimsemeshe. Kaa naye tu."

Benigna aliingia wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Leticia hakugeuka.