Kamera ya Vitunguu

Kamera-nyuki mia mbili zilitoka kwenye mzinga wao wa bati, zikamzunguka Eliwaza zikivuma kwa sauti ya chini, kila moja ndogo kama punje ya mtama na kila moja na jicho lake. Zilimtazama mbele, nyuma, chini ya kidevu, hata nyuma ya masikio ambako mwenyewe hajawahi kufika. Kisha zikarudi mzingani, zikashauriana sekunde tatu, na ukutani ukatokea uso wa mwanamke wa miaka thelathini na minne.

Eliwaza alikuwa na miaka hamsini na miwili.

"Hao hao," alisema. "Hao ndio walioniponza."

Ntandu, mwenye studio, hakubisha. Katika jiji zima la Singida, lenye minara ya upepo mingi kuliko miti, hakukuwa na fundi mwingine mwenye mifumo minne ya kamera chini ya paa moja, na watu walisema mitatu kati yake aliipata kihalali. Alikuwa amesoma darasa moja na Njiku, mume wa Eliwaza, kwa hiyo alimwita shemeji na kumtania bila kuomba ruhusa.

"Nyuki ni wa harusi, shemeji. Walifundishwa kwamba kila anayepigwa picha anaolewa kesho. Mwaka juzi walimpiga yule kinyozi wa Misuna, wakampa nywele nyingi mpaka wateja wakamkimbia, wakidhani hajui kunyoa. Ilibidi ahame mtaa."

"Ntandu, leo sina kicheko."

Na kweli hakuwa nacho. Njiku alikwenda sayari ya Mirihi kuchomelea mabomba ya barafu. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Ukazaa mwingine, nao ukazaa mwingine, mpaka ikatimia kumi na minane. Njia ya mawasiliano ya huko ni nyembamba, na watu wanaoigombania ni maelfu. Kila familia hupewa sauti mara moja kwa wiki na picha moja tu kwa mwezi, tena picha mgando, isiyotikisika. Mwezi wa kwanza Eliwaza alikuwa ametoka kuumwa malaria, amekonda, akamwomba Ntandu amtengeneze kidogo asimtie mume wasiwasi. Nyuki wakatengeneza. Mwezi uliofuata alikuwa amepona, ila uso wake mwenyewe ulionekana umezeeka mbele ya ule aliokwisha kuupeleka. Nyuki wakaitwa tena. Ukishapeleka uso wa miaka thelathini na minne, ni lini utaamka upeleke wa thelathini na mitano? Siku hiyo haikupatikana.

Sasa chombo kilikuwa njiani kurudi, kimebakiza umbali ambao sauti huuvuka kwa dakika nne. Saa kumi jioni, kila aliyekuwemo alitakiwa awe amesaini moja kati ya mawili: kushuka nyumbani moja kwa moja, au kuhamia chombo kingine kwa mkataba mpya.

"Nataka anione kabla hajasaini," Eliwaza alisema. "Akitaka kurudi huko, arudi. Lakini asishuke kumfuata msichana ambaye hayupo, akanikuta mimi nimesimama uwanjani na maua."

Picha ya mwezi huo ilikuwa bado haijatumika. Ilikuwa saa nane kasoro.

Ntandu akasimamisha kamera-mwewe, yenye jicho refu kama mkono wa mwiko wa ugali wa msibani. Hiyo ni ya mbugani na viwanja vya mpira. Haimpambi mtu, inakisia mnyama atakuwa wapi kabla mwenyewe hajaamua kwenda, kisha inapiga picha elfu moja kwa sekunde na kuchagua iliyo bora.

"Nilimpiga nayo swala huko Rungwa," Ntandu alisema, "ikamtoa yuko ng'ambo ya mto. Swala alipoiona picha akaona aibu, akavuka."

Eliwaza alikaa ametulia, na kamera-mwewe ikakaa inamngoja akimbie. Hakukimbia, nayo haikupiga. Mwishowe inzi alimtua puani, akatikisa kichwa kumfukuza, na hapo kamera ikafyatuka. Katika picha elfu ikachagua moja: meno nje, macho yametoka, shingo imepinda kama ya nyati aliyejeruhiwa.

"Hii ni ya kweli," Ntandu alisema.

"Ni kweli ya nyati."

Ikafuata kamera-karani, ya vitambulisho. Hiyo haipambi wala haikisii, inalinganisha. Ilimtazama Eliwaza kwa muda mrefu, ikapekua hazina yake ya nyuso, kisha ikasema kwa adabu ya ofisini: "Uso huu hauna mwenyewe. Tafadhali mlete Eliwaza Mughwai."

Miaka yote hiyo Ntandu alikuwa akimhuishia kitambulisho kwa picha zilezile za nyuki, ili asimsumbue kuja mara mbili.

"Kumbe hata ofisini nimeisha," Eliwaza alisema polepole.

Ntandu aliingia stoo, akarudi anasukuma mtambo wa magurudumu manne uliogandwa na maganda mekundu makavu.

"Usinikasirikie, shemeji. Hii ni kamera-mkaguzi. Ni ya vitunguu."

Akaeleza. Wanunuzi wa nchi za mbali hununua shehena nzima kwa kuangalia picha tu, na kamera ikipamba hata kitunguu kimoja, mzigo wote unarudishwa. Kwa hiyo walioiunda waling'oa ndani yake kila kitu kinachojua uzuri. Inajua maji, ganda, kovu na uozo, basi. Picha yake hutoka na cheti, wala haviachani.

"Nikae wapi?"

"Hukai. Unaweka kichwa kwenye trei."

Eliwaza aliinama, akaegemeza kidevu kwenye trei. Harufu ikampanda, machozi yakamtoka, na hakuhangaika kujiuliza yalikuwa ya vitunguu au ya nini. Mwanga ukapita mara moja.

Picha ilionyesha kila mstari. Eliwaza aliitazama kwa makini, kama mtu anayesomewa jina lake baada ya kungoja foleni ndefu. Mashavu yalikuwa ya mama yake. Mvi zilikuwa zake mwenyewe. Chini paliandikwa: *Ganda la nje limekunjamana. Ndani hakuna uozo. Kinafaa kwa safari ndefu.*

Ntandu alikohoa. "Naweza kujaribu kukifuta hicho cheti."

"Kiache. Peleka."

Dakika nne kwenda, nne kurudi. Dakika ya nane ikapita, ya kumi na mbili nayo. Ntandu akaanza kisa cha mbuzi aliyepanda mnara wa upepo, akakiachia njiani. Dakika ya kumi na tano sauti ikaingia.

"Eliwaza. Nimeiona. Nimesoma na cheti." Kicheko kidogo, kisha pumzi. "Nilishasaini kushuka tangu asubuhi, kwa hiyo hilo litoe moyoni. Sasa nisikilize. Hao nyuki wa Ntandu wanajua uso tu. Mikono hakuna aliyewafundisha. Kila picha ulikaa umeweka mikono mapajani, na mimi nilikuwa natazama mikono. Mwaka wa nne ukaungua na mafuta, mkono wa kushoto. Mwaka wa tisa pete ikahamia kidole kidogo, nikajua vifundo vimeanza kuvimba kama vya mama yako. Nikangoja unieleze. Kila wiki unasema uko salama, na mimi najibu niko salama. Niliogopa nikisema nimeona, utaificha hata mikono, nibaki sina kitu."

Sauti ikakatika kidogo, ikarudi.

"Leo uso ninao, mikono haimo. Na picha ya mwezi umeshaitumia. Basi niambie kwa mdomo. Inauma sana?"

Ntandu alitoka nje, akafunga mlango taratibu, na kumwambia bwana harusi aliyekuwa akingoja barazani kwamba nyuki wamepata mafua, arudi kesho.

Ndani, Eliwaza alivuta kinasa-sauti karibu.

"Inauma asubuhi," alisema. "Nikikanda unga ndiyo zaidi. Ulianza mkono huu wa kulia, Njiku, mvua zilikuwa bado hazijaanza, nikadhani nimeulalia tu..."