Picha ya Kamanda

Kila siku baada ya shule, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita njia ya nyuma ya zahanati, akasukuma mlango wa bati uliolalamika kama mtu aliyeamshwa usingizini, akaingia katika karakana ya shangazi yake. Alivua sare, akavaa koti kuukuu la kazi lililomfika magotini, kisha akaanza kufuta spoki za magurudumu kwa kitambaa. Hata leo, akiwa mama mwenye watoto wake, akikutana na harufu ya grisi na mpira wa tairi husimama kidogo na kutabasamu. "Utoto wangu ulinukia hivi," huwaambia.

Jina lake halisi lilikumbukwa na mwalimu wa darasa tu. Wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Karakana ile ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, walichoazimwa na zahanati. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya magurudumu. Watu walileta viti vilivyovunjika. Shangazi alivifumua, akachukua gurudumu la hiki na egemeo la kile, akaunganisha, akapaka rangi, kisha akampa bure mtu asiyeweza kutembea. Aliyeianzisha karakana alikuwa Babu, baba yake Shangazi. Enzi zake, Babu alizunguka mitaani kwa baiskeli akiita, "Kiti kibovu kwako ni miguu ya mwenzio!" Watu walicheka, lakini walifungua stoo zao. Babu alipofariki, sauti ile ilizimika, na viti vikaanza kuadimika. Ikafika wakati Shangazi alikuwa akipanga spana zile zile, leo kwa urefu, kesho kwa unene.

Mchana mmoja daktari mkuu wa zahanati alichungulia mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, lakini dawa zake zilikosa pa kukaa.

"Dada, naona siku hizi chumba kimelala," alisema. "Kama hadi shule zitakapofungwa hakuna kazi, nitawaomba mtupishe."

Alipoondoka, Shangazi alikaa juu ya kopo la rangi.

"Shangazi, tutangaze mtandaoni," Chiriku alisema. "Hatuna pesa za redio, lakini ukurasa ni bure. Tunahitaji simu yako na bando kidogo tu."

"Haya, mama. Wewe ndiye mtaalamu. Mimi simu hiyo najua kupokea na kukata."

Chiriku akafungua ukurasa wa karakana. Alipiga picha ya spana, picha ya mlango, na picha ya kiti kitupu kimesimama ukutani. Hakuna aliyejali. Mjomba mmoja tu alijibu ile picha ya kiti kitupu. Aliuliza, "Poleni sana. Nani amefariki?"

Chiriku alikuwa na rafiki wa chanda na pete, msichana wa darasa lake aliyeitwa Kamanda. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, na kiti chake kilitoka karakana hiyo hiyo. Jina la Kamanda alilipata uwanjani, maana ndiye aliyepanga timu na kuamua ugomvi. Golini alikuwa kipa mgumu kufungwa. Wapinzani walilalamika kwamba kiti chake kilijaza nusu ya goli, naye aliwajibu, "Basi pigeni kwenye hiyo nusu nyingine."

Jioni moja Kamanda alikuja kukaziwa gurudumu. Walipokuwa wakicheza mpira uani, alijirusha kudaka, kiti kikapinduka, akatua kwenye dimbwi. Alikaa pale, uso umejaa matope, akifikicha macho. Chiriku alikuwa na simu mkononi. Akapiga picha. Papo hapo Kamanda alianza kucheka, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Lakini kicheko hakikuingia pichani.

Baadaye Chiriku aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Akaandika chini yake: "Mtoto huyu hana rafiki wala msaada. Hutambaa matopeni kila siku. Mwoneeni huruma, leteni viti." Akaituma ukurasani na katika kila kundi alilolijua.

Picha ilisambaa kama moto wa makuti. Kesho yake simu ya Shangazi haikupumzika. Bwana mmoja aliahidi kuleta viti tele kutoka makao ya wazee yaliyofungwa.

"Umewaandikia nini hawa watu?" Shangazi aliuliza kwa furaha. Miwani yake ilikuwa nyumbani.

"Nimeomba viti tu, Shangazi," Chiriku akajibu, akainama kufuta spoki iliyokwisha kung'aa.

Siku hiyo Kamanda hakuwa amekuja shuleni. Alasiri, mlango wa bati ulilia, akaingia bibi yake akisukuma kiti. Kamanda alikuwa ameinamisha uso.

"Hodi hapa," Bibi alisema. "Nimekuja kumwona huyo mtoto anayetambaa matopeni. Tangu asubuhi watu wananiletea vifurushi vya nguo kuukuu. Majirani wananiuliza ninamlea vipi mjukuu wangu. Nami nilidhani ninamlea vizuri."

Shangazi hakuelewa. Bibi akavua miwani yake mwenyewe, akampa. Shangazi akasoma, akarudia kusoma. Uso wake ulibadilika.

Chiriku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ni Kamanda aliyezungumza, kwa sauti ndogo isiyofanana naye.

"Umeandika sina rafiki. Wewe ulikuwa nani?"

Wageni walipoondoka, Shangazi alimrudishia Chiriku simu. "Futa."

"Na yule bwana wa viti, Shangazi? Asipokuja, chumba kitakwenda!"

"Nitampigia mwenyewe nimweleze ukweli. Futa, mwanangu. Kisha andika kwamba yale maneno hayakuwa kweli."

Chiriku alifuta huku machozi yakidondoka juu ya kioo. Yule bwana alisikiliza, akasema atafikiria, na hawakumsikia tena. Ukurasani watu waliwaita matapeli. Mmoja alisema afadhali karakana ifungwe. Chiriku alitaka kumjibu, Shangazi akamkataza. "Mwache. Leo ana haki ya kukasirika."

Siku ya mapumziko, Chiriku alikwenda kwao Kamanda. Alimkuta kibarazani akichambua mchele.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilidanganya juu yako. Na nilipiga picha bila kukuuliza."

Kamanda alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine. "Unajua kilichoniuma? Si matope. Siku ile nilicheka sana. Nilifurahi. Wewe ukaifanya siku yangu nzuri iwe ya kuliliwa."

Chiriku akaketi, akavuta upande mmoja wa ungo, wakachambua pamoja. Mchele ulipokwisha, Kamanda alipangusa mikono.

"Karakana itafungwa kweli?"

"Kama hatupati viti."

"Basi turekodi video. Nimeshamwambia Bibi, naye amekubali. Kesho lete simu. Safari hii nitasema mwenyewe. Kazi yako kushika simu na kunyamaza."

"Kunyamaza?"

"Hiyo ndiyo adhabu yako."

Walirekodi kwenye dirisha la karakana, penye mwanga mzuri. Kamanda alivaa fulana yake ya kipa. "Mimi ni mwanafunzi, na golini sifungwi ovyo," alianza. "Kiti changu kimeunganishwa hapa. Gurudumu la kushoto lilikuwa la mzee mmoja aliyependa kuamka mapema, ndiyo maana sichelewi shule. La kulia sijui lilikuwa la nani, ila linapenda kwenda kombo. Je, stoo kwenu hakuna kiti kilichofunikwa gunia? Kileteni nyuma ya zahanati, alasiri yoyote. Kibovu pia tunapokea. Hatuombi machozi, tunaomba viti."

Video ile haikuwaka kama moto. Ilisambaa polepole kama maji katika shamba kavu. Chiriku alijibu kila swali lililoulizwa, hata la mtu aliyetaka kujua kama wanatengeneza pia viti vya sofa.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi cherehani mwenye mvi. Alileta kiti kilichofungwa kwa shuka safi.

"Kilikuwa cha marehemu mama," alisema. "Kutupa siwezi, kukitazama siwezi. Alikuwa akikaa mlangoni anamenya maharage, na hapiti mtu bila kusalimiwa. Wengine walibadili njia, maana salamu zake zilikuwa ndefu." Akacheka, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya shuka.

"Baba, tunaweza kuandika habari zake?" Chiriku aliuliza. "Nitakusomea kwanza. Usipopenda, sitaziweka."

Fundi alisikiliza, akarekebisha neno moja, akakubali. Na habari hiyo ndiyo iliyofungua milango. Kumbe stoo nyingi zilikuwa na viti vya namna hiyo, vya watu waliopendwa, vikisubiri mtu wa kuuliza. Vililetwa kwa mikokoteni na juu ya magari. Kila kiti kilikuja na habari za mwenyewe: nyanya aliyeficha peremende chini ya mto, mwalimu aliyesahihisha madaftari akiwa kitini. Jioni, watu walifungua ukurasa wa karakana kusoma kama wanaosikiliza hadithi za nyumbani.

Shule zilipofungwa, daktari mkuu alikuja, akakosa pa kukanyaga. "Aa," alisema akijikuna kichwa, "naona ninyi ndio mnaohitaji stoo." Akaenda kutafuta mahali pengine pa dawa.

Kile kiti cha mamaye fundi kilipewa mtoto wa kiume wa mtaa wa pili. Kwa idhini ya wazazi wake, Kamanda alimrekodi akishuka kilima kidogo huku akipiga kelele za furaha. Fundi aliitazama video hiyo karakanani.

"Mama yangu," alisema taratibu, "hakuwahi kwenda kasi hivyo." Akaomba aione tena.

Shangazi alimvuta Chiriku kando, akamwekea begani mkono wenye alama za grisi.

"Unaona, mwanangu? Njia ya mwongo ni fupi. Uliyoyaandika mwanzo yalifika mbali upesi, lakini yalimvunjia rafiki yako heshima, nasi tukapoteza imani ya watu. Ukitaka kumwombea mtu msaada, kwanza muulize yeye anataka kusemwa vipi. Kisha sema kweli, hata kama kweli inatembea polepole. Watu wema wapo. Wataisubiri."

"Nimesikia, Shangazi," Chiriku alisema. Nje, Kamanda alikuwa akimwita kwa sauti aje ashike simu.