Mbuzi Sita Walioitwa Wanane

Lazaro Hhando na mkewe Antonia wanaishi Qurus, wilayani Karatu. Wanalima mahindi na mbaazi. Mtoto wao, Selina, ana miaka sita. Anasoma darasa la awali.

Lazaro alijivunia sana binti yake. Mgeni akifika, hata chai haijapoa, Lazaro alimwita mtoto.

"Selina, njoo umhesabie mgeni."

Selina alisimama wima na kuimba, "Moja, mbili, tatu, nne..." mpaka ishirini. Hakukosea. Wageni walipiga makofi.

"Huyu atakuwa mhasibu," Lazaro alisema.

Basi akampa kazi. Kila jioni Selina alisimama kwenye mlango wa zizi ahesabu mbuzi.

"Wapo wanane," baba alimwambia siku ya kwanza. "Wakipungua, niambie."

Selina aliwanyooshea mbuzi kidole huku mdomo ukikimbia. Kidole kiliwaruka mbuzi wengine na kuwarudia wengine. Mdomo ulipofika nane, alinyamaza.

"Wanane, baba."

Lazaro alifunga zizi bila kuangalia.

Jioni moja ya mwezi wa tatu mvua ilinyesha na ukungu ukatanda. Mbuzi waliorudi walikuwa sita. Selina aliimba mpaka nane, kama kawaida yake. Lazaro akafunga.

Asubuhi Antonia alikwenda korongoni kuchota maji. Alikuta damu kwenye majani, vipande vya ngozi na kwato. Fisi walikuwa wamekula mbuzi wawili. Mmoja alikuwa na mimba.

Lazaro alipoona, alirudi nyumbani na fimbo mkononi.

"Ulisema wanane!"

"Nilihesabu, baba."

"Mwongo wewe!"

Antonia alikimbia kumzuia mumewe, lakini alichelewa. Selina alikuwa ameinua mkono kukinga kichwa. Fimbo ilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Wote watatu walisikia mfupa ukivunjika.

Hospitalini mkono ulifungwa plasta ngumu. Daktari aliuliza kilichotokea.

"Ameanguka," Antonia alijibu. Lazaro alitazama sakafu.

Siku tano Selina hakwenda shule. Siku ya sita mwalimu wake, Hyasinta, alipita kumwangalia. Alimsalimia mtoto. Mtoto hakuitikia. Alimwuliza Antonia, na Antonia akaanza kulia. Mwalimu alielewa.

"Baba Selina," alisema, "sitakuficha. Nitamweleza afisa ustawi wa jamii. Mtoto amevunjwa mkono kwa jambo asilolijua."

"Anajua kuhesabu, Mwalimu! Mpaka ishirini!"

"Anajua kuimba. Kuhesabu hajui."

Mwalimu aliokota magunzi ya mahindi karibu na jiko, akayamwaga mbele ya Selina. "Mwanangu, nipe magunzi matano."

Selina alichota kwa mkono mzima. Yalikuwa manane. Akampa mwalimu yote.

Lazaro aliyahesabu kwa macho. Akayahesabu tena. Akaketi chini.

"Kwa hiyo hakunidanganya," alisema polepole.

"Hakukudanganya. Ulimwambia mbuzi ni wanane, naye akaimba mpaka nane. Hakujua kwamba kila namba ni ya mbuzi mmoja. Na mimi nina kosa. Darasani wako sabini. Wanaimba wote pamoja, nami sikumsikiliza huyu peke yake."

Afisa ustawi alikuja kesho yake. Alimwonya Lazaro mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: akirudia, kesi itakwenda polisi. Lazaro alitia sahihi onyo hilo.

Jioni hiyo alimwendea Mwalimu Hyasinta. "Nifundishe namna ya kumfundisha."

"Anza na tatu tu," mwalimu alisema. "Aguse kitu kimoja, aseme namba moja, akisogeze pembeni. Mdomo usitangulie mkono. Akimaliza, muulize viko vingapi. Namba ya mwisho ndiyo jibu. Akianza kuhesabu upya, ujue bado hajaelewa. Usimharakishe. Tatu ikimkaa, nenda nne, halafu tano. Huhitaji vitabu. Una vijiko, una magunzi, una viazi."

Haikuwa rahisi. Lazaro alipoketi na magunzi na kusema, "Selina, hesabu," mtoto alijikojolea. Siku ya pili vilevile. Lazaro alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba peke yake.

"Anakuogopa," Hyasinta alimwambia. "Mtoto mwenye hofu hajifunzi. Usimwulize. Hesabu wewe, ukosee makusudi. Mwache akurekebishe."

Siku chache Antonia ndiye aliyemfundisha. "Selina, leta vijiko vitatu. Kimoja cha baba, kimoja cha mama, kimoja chako." Selina alivileta kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Lazaro alikaa kando.

Jumapili moja, baada ya misa, Lazaro alipanga vikombe vinne mezani. Akavigusa. "Moja, mbili, tatu..." Akarudi kwenye kikombe cha kwanza. "Nne..." Akagusa cha mwisho. "Tano. Vikombe vitano."

Selina alivitazama vikombe.

"Hicho ulishakihesabu," Selina alinong'ona.

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia baba yake tangu siku ile.

"Kipi?"

Selina akasogea. Akagusa kikombe, akakisukuma pembeni. "Moja." Akafanya hivyo mpaka cha mwisho. "Nne. Viko vinne."

"Kweli," Lazaro alisema. "Mimi nimekosea."

Plasta ilifunguliwa mwezi wa tano. Mfupa uliunga vibaya kidogo, na mpaka leo kiganja cha Selina hakigeuki sawasawa. Kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto.

Siku hizi mbuzi wanahesabiwa na Lazaro mwenyewe, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtu mzima. Selina husimama karibu naye. Mlango hufunguliwa kidogo, mbuzi wapite mmoja mmoja. Kila mbuzi akipita, Selina huweka gunzi moja kwenye ndoo.

Wiki iliyopita baba alisema, "Sita." Selina alichungulia ndoo, akatoa magunzi moja moja.

"Ni watano, baba. Mmoja hayupo."

Lazaro akahesabu upya. Kweli, walikuwa watano. Jua lilikuwa bado halijazama. Walimkuta mtoto wa mbuzi amekwama korongoni, mguu kati ya mawe. Alikuwa mzima. Lazaro alimbeba begani mpaka zizini.

"Umemwokoa," alimwambia binti yake. Akainua mkono ampapase kichwani.

Selina aliinama haraka na kukinga uso.

Lazaro akaushusha mkono taratibu. Akachuchumaa mbali kidogo, akangoja. Baada ya muda Selina aliinua uso. Akasogea hatua moja.