Msumari wa Picha ya Mama

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Bi Rula alipoukaribisha msumari mtupu.

Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa kituo cha sanaa, maana hakutundika picha bila kuipima mara mbili kwa rula. Kituoni kulikuwa na desturi: kila picha ya maonyesho ya likizo ikishapanda ukutani, mtundikaji huigusa na kuiambia, "Karibu, kaa nasi." Siku hiyo alikuwa hoi, macho mazito kama mawe. Akanyoosha mkono, akagusa, akasema. Ndipo akaona hajatundika kitu. Picha aliyoichora mama yake ilikuwa bado sakafuni.

"Umemkaribisha nani sasa?" mlinzi akacheka. "Ukuta?"

"Niache, mjomba. Nimechoka."

Kicheko kikakatika. Ukumbi mzima ulinuka nywele zilizoungua.

Akaitundika picha ya mama; ikaanguka kifudifudi. Akaitundika tena, ikaanguka tena. Na kesho yake mama alikuwa aje kuiona. Macho ya mama yalikuwa yanaingia giza. Daktari alishasema mwanga uliobaki ni wa siku chache tu. Hiyo ilikuwa picha yake ya kwanza kuonyeshwa, na ya mwisho kuchora.

"Muage," mlinzi alinong'ona. "Wewe ndiye uliyemkaribisha. Mimi hanijui, na namwomba asinijue."

Basi Bi Rula akasimama peke yake, mlinzi akiwa amekwisha rudi kinyumenyume hadi mlangoni, na kadiri alivyomwomba radhi mgeni asiyemwona ndivyo harufu ile ilivyomsogelea, ikampanda shingoni, ikawa joto, ikawa pumzi, huku ndani ya ukuta kitu kikikwaruza polepole, kwa kipimo, kama ukucha unaofuata alama za penseli alizochora yeye mwenyewe asubuhi, mpaka sauti isiyo ya mlinzi ikamuuliza sikioni, kwa upole wa mtu aliyetoka safari ndefu, "Nikitoka hapa, nikae wapi?"

Alitaka kulala tu.

"Popote," akasema. "Mradi si hapa."

Harufu ikakatika. Akaitundika picha, ikatulia.

Asubuhi alimshika mama mkono, akampeleka mbele ya picha. Mama akausogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa fremu.

"Imenyooka," akasema.

"Nimepima, mama."

"Mara mbili. Nakujua." Mama akacheka, machozi yakamlengalenga. Kisha akageuka, akatazama juu kidogo ya bega la bintiye. "Na huyu mwenzako? Tangu nyumbani tumeongozana naye, hata salamu hana."

Nywele zilizoungua.

Bi Rula hakugeuka. Alichoka hata kuogopa. Alikwenda kwenye safu ya viti vya wageni, akavuta vitatu, akavipanga mbele ya picha, na kwa mazoea akahakikisha vimenyooka.