Mistari Miwili ya Kucha

Jirani yangu huyu si mtu wa kutunga. Anafanya kazi maabara, kwenye meza iliyokuwa ya dada yake, na kazi yenyewe ni kubandika lebo kwenye vichupa vya damu. Dada alifariki miezi miwili iliyopita. Vipimo vyake vilikuwa vimesema damu safi, na hakuna aliyejisumbua kurudia. Tangu msiba ule jirani yangu hajatoa chozi. Anakula, anaoga, anakwenda kazini, basi.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, printa ikaanza vituko. Lebo zikawa zinatoka nyeupe pe. Wodi ya wazazi ilikuwa inasubiri kichupa cha mama aliyejifungua na kuvuja sana kipimwe ili aongezewe damu, na nesi alisimama mlangoni akihema. Jirani akazima printa, akawasha. Akafuta kichwa cha printa kwa spiriti. Akachomoa waya, akachomeka. Nyeupe vilevile.

Labda roli la lebo limewekwa kinyume, akawaza. Printa ile haina wino, inachapa kwa joto. Upande sahihi wa lebo ukiukwaruza kwa kucha unaacha alama nyeusi. Dada ndiye aliyemfundisha hilo. Akakwaruza, upande ulikuwa sahihi. Akafungua roli jipya, lililokuwa bado kwenye nailoni ya kiwandani.

Lebo ya kwanza ilikuwa na mistari miwili ya kucha. Ya pili pia. Akavuta mpaka mwisho. Zote.

Hiyo ilikuwa alama ya dada. Mistari miwili, maana yake usipeleke, angalia tena.

"Andika kwa mkono," nesi akanong'ona. "Mama anatutoka."

Mimi ningetimua mbio. Yeye alikuwa na ganzi, hata kuogopa hawezi. Akasoma namba ya kichupa, akasoma fomu. Hazikufanana. Alikuwa ameshika damu ya mgonjwa wa kitanda kingine. Akabadilisha kichupa, akarudisha roli la zamani. Printa ikachapa jina, jeusi tii.

Mama akapona. Jirani akaambiwa ahsante, asihisi kitu.

Alasiri, akipanga vichupa kwenye friji, akakuta cha kwake mwenyewe, cha upimaji wa wafanyakazi. Majibu yalishatoka: safi. Lebo haikuwa na doa. Akiwa amekishika, akasikia kucha ikikwaruza. Mstari mweusi ukajichora polepole chini ya jina lake.

Akakaa chini. Akasubiri wa pili. Ulipokuja, akasema, "Nimeona, dada," ndipo chozi likamtoka.

Lebo hiyo amenipa nimtunzie, mpaka majibu ya mara ya pili yatoke.